Kuirudisha Mashini

Niliinunua Kadutu siku ya mvua,
elfu kumi na mbili, faranga zilizolowa,
mashini ya hesabu yenye kifuniko cha buluu
na jina la kampuni lenye herufi moja ya ziada.
Jioni nikaiuliza tanjanti ya arobaini na tano.
Moja, ikasema.
Nikaiuliza ya mia mbili ishirini na tano.
Moja.
Nikaiongezea duara zima juu ya ile ya kwanza, mia nne na tano:
moja, tena bila haya, kama mlevi
anayekutajia mkewe kwa kila unachomuuliza.

Asubuhi nikapanda nayo.
Udongo wa Nyamugo baada ya mvua
unakushika kiatu kama mdai.
Nilifika kibandani kwa Nsimire nikihema:
«Nirudishie makuta yangu. Imekwama kwenye moja.»

Hakuinua kichwa. Alikuwa anafunga betri kwa uzi wa mpira.
«Iulize sinusi.»
Ya arobaini na tano: sifuri nukta saba sifuri saba.
Ya mia mbili ishirini na tano: ileile,
ila imevaa alama ya kutoa,
kama aliyelala na akiba akaamka na deni.
«Na kosinusi?»
Deni lilelile.
«Haya, gawa deni kwa deni.»
Nikagawa.
«Iko muzima,» akasema, na kurudi kwenye betri zake.

Lakini nilikuwa na ushahidi wa pili.
«Tisini je? Tisini inaandika Kosa.»
Akacheka hadi jirani wa chumvi akageuka.
Akanionyesha ukuta wa mawe nyuma ya kibanda,
ule unaokizuia kilima kisije kulalia soko.
«Panda huo. Hatua ngapi mbele?
Hakuna. Kimo tu.
Unataka nikugawie kimo kwa hatua ambazo hukupiga?
Ukiikaribia tisini, namba inapanda hadi kichaa;
ukiivuka tu, inaibuka chini kabisa, huko kwenye hasara,
inaanza kupanda upya.
Pale katikati hapana kitu.
Mashini imekuwa na adabu ya kukuambia.»

Kisha akanishika mabega, akanigeuza
nusu duara: mgongo ukakaa palipokuwa uso.
Nikaona njia yangu yote, mabati,
moshi wa maharage, kipande cha ziwa katikati ya paa mbili.
«Ulikuja mbele moja, juu moja.
Sasa unarudi nyuma moja, chini moja.
Kilima kimebadilika?»
Sikujibu.
«Sinusi inakufuata wewe, kosinusi inakufuata wewe,
lazima umalize duara ndipo zikutambue.
Tanjanti ni ya kilima.
Geuka nusu tu, unaikuta inakungoja.
Na makuta sirudishi.»

Nilishuka polepole, nikabonyeza njiani.
Thelathini: mraba wa sinusi robo, wa kosinusi robo tatu.
Sitini: robo tatu, robo.
Ishirini: tarakimu ndefu mbaya, hazipendezi,
nikazijumlisha, moja.
Nikawakumbuka Nabintu na Cito, dada zangu,
wanaolala chini ya kitenge kimoja:
mmoja akivuta, mwenzake anabaki magoti nje,
wanagombana hadi alfajiri
na kitenge hakijaongezeka hata uzi.
Mwalimu Ntakwinja aliiandika ubaoni wiki tatu
na mimi nikaikariri kama namba ya simu ya mtu nisiyemjua.

Chini, karibu na bomba la maji,
nikataka kuijaribu sabini na saba.
Kitufe cha saba hakikubonyezeka.
Nikakipuliza. Nikakisukuma kwa ukucha, kwa ncha ya kalamu.
Nane ilikubali, sita ilikubali.
Saba, kimya.

Nikasimama kidogo, watu wa madumu wakinipita.
Nikageuka nusu duara.
Mwinamo ulikuwa uleule.